Chapati Mia na Ishirini

Kwa miaka tisa niliamka saa tisa na nusu usiku kukanda ngano. Nusu beli kila siku, yaani paketi sita za kilo mbili, ilinipa chapati mia na ishirini hivi, na kabla ya saa moja asubuhi zilikuwa zishafika hoteli tatu za Kondele, hapa Kisumu, makondakta na mafundi wakiteremka kunywa chai. Kazi hiyo ilimsomesha ndugu yangu mdogo, ikalipa kodi ya nyumba kule Manyatta, ikanipa na jina. Watu waliniita Mama Chapo hata kabla sijazaa.

Unga wa ngano hautulii. Ukiumimina kwenye karai unafuka, unapanda, unakaa kwenye nyusi, kwenye pua, kwenye waya wa taa. Nikimaliza kukanda nilijifuta uso kwa leso, na leso inabaki nyeupe. Halafu zile mbili tatu zilizoungua au kuchanika, ambazo hoteli hazizipokei, nilizila mwenyewe kwa chai ya maziwa nikiwa nimekalia debe. Nalieleza hili kirefu kwa sababu kwa miaka minne ya kuzunguka zahanati, hakuna aliyeniuliza natia nini mdomoni.

Ugonjwa ulianza 2016, kwa kunyemelea. Tumbo linajaa hewa mpaka nafungua kifungo cha sketi. Choo chepesi, cheupecheupe, chenye harufu inayokaa chooni. Vidonda mdomoni, vikipona viwili vinatoka vingine vitatu. Miguu ikaanza kufa ganzi nikisimama sana mbele ya jiko. Nikatibiwa amiba. Nikatibiwa taifodi, mara nne kwa mwaka mmoja. Nikameza dawa za minyoo, kisha za vidonda vya tumbo. Damu ilipopimwa ikawa 7.1, nikapewa vidonge vya madini ya chuma, nikavimeza miezi na miezi, damu isipande. Mwuguzi mmoja alinigombeza mbele ya foleni kwamba sivimezi, navitupa. Nilikuwa navimeza. Nilienda nyumbani nikalia, kwa sababu mtu akikuita mwongo kuhusu mwili wako mwenyewe huna pa kushtaki.

Nilitoka kilo 64 nikafika 47. Anayeijua Kisumu anajua mwanamke akikonda hivyo watu husema nini. Nilipima Ukimwi mara tatu na mara tatu majibu yakaja hasi. Kifua kikuu pia, hakuna. Lakini karatasi ya majibu huwezi kuivaa kifuani ukipita sokoni Kibuye. Hoteli moja iliacha kuchukua chapati zangu bila kusema sababu. Sababu niliisikia kwa kijana aliyekuwa akiosha vyombo pale: wateja walikuwa wameniona mikono.

Machi 2020 korona ikaingia, hoteli zikafungwa, nami sina pa kuuza. Mume wangu akasema niende na watoto kwetu Samia, upande wa Sio Port, nikakae na Kukhu, nyanya yangu, yeye abaki kutafuta vibarua. Nilienda nikidhani naenda kufia nyumbani. Nasema kweli, nilifunga nguo za kuzikiwa.

Kwa Kukhu hakukuwa na mkate. Duka la karibu lilileta mara moja moja, na hela ya kununulia hatukuwa nayo. Tulikula ugali wa muhogo uliosagwa pamoja na mtama, ule mweusi unaovutika, kwa omena au samaki mbichi wa asubuhi. Tulikula likhubi, yaani majani ya kunde, yaliyolala kwenye chungu na maziwa. Asubuhi uji wa wimbi wenye ukwaju, mchana viazi vitamu. Wiki ya tatu choo kikashikana. Mwezi wa pili vidonda vya mdomo vikaisha, na sikuvikumbuka mpaka Kukhu aliponiuliza. Julai nilikuwa napandisha mlima na mtungi wa lita ishirini kichwani, na mwanangu wa kike, aliyekuwa na miaka saba, ananifuata akikimbia kunishika nguo. Kila mtu pale alikuwa na maelezo. Hewa ya nyumbani. Maji ya kisima. Wengine wakasema kwa sauti ya chini kwamba huko Kisumu kuna mtu aliyenitupia kitu, na kitu hicho hakivuki mto.

Oktoba nikarudi, nikawasha jiko, nikanunua beli. Siku ya kumi na moja nilikuwa chooni usiku kucha.

Hapo yale maneno ya kitu kilichotupwa yakapata nguvu, kwa sababu ushahidi ulikuwa ni mimi mwenyewe: Samia mzima, Kisumu mgonjwa. Jirani akanitajia hata mwanamke wa kumshuku, muuza chapati mwenzangu wa barabara ya pili. Nilianza kumkwepa yule mama. Hakunifanyia lolote, na leo nikimkumbuka nataka kumwomba radhi ila hajui kosa ni lipi. Tuliombewa, tukanyunyiziwa maji, na sijutii maombi. Ila aliyeufungua mlango ni mama yangu mdogo, mwuguzi mstaafu anayeishi Bungoma, kwa swali moja la simu: "Mwanangu, kwa Kukhu ulikula nini ambacho Kisumu huli? Na Kisumu unakula nini ambacho kwa Kukhu hukula?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya karai. Nikautazama unga.

Hapa ndipo nilipokosea, na ndiyo hasa sababu ya kuandika. Niliacha kula ngano siku ileile. Nikaendelea kupika ya kuuza, leso nimejifunga puani, lakini sikuitia mdomoni. Nikapata nafuu. Baada ya miezi miwili nikaenda maabara moja mjini na pesa zangu nilizochanga, nikaomba kipimo cha ugonjwa ambao Mama Mdogo alikuwa amenitajia jina: siliaki. Damu ikapelekwa Nairobi. Majibu yakaja: hamna kitu. Hakuna aliyeniuliza nimekula nini wiki zile. Nilifurahi, jamani. Nilinunua mkate mzima nikarudi nao nyumbani kama zawadi, na kabla wiki haijaisha nikawa kitandani.

Daktari aliyenisaidia nilimpata Februari 2021, hospitali nyingine ya hapa Kisumu, kijana bado, wa magonjwa ya ndani. Alisoma makaratasi yangu yote, hata ya taifodi, kisha akauliza: "Mama, siku ile unatolewa damu ya kipimo hiki, ulikuwa umeacha ngano kwa muda gani?" Nikamwambia miezi miwili. Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba kipimo kile hakitafuti ngano. Kinatafuta askari ambao mwili huwatuma ukiona ngano, kingamwili. Ukiiondoa ngano, askari wanarudi kambini polepole, na anayekuja kuhesabu anakuta uwanja mtupu. Ngano ningeiacha baada ya kupimwa. Mimi nilitangulia kuiacha.

Kwa hiyo akaniambia nirudi kula. Vipande viwili vya mkate kila siku kwa wiki sita, halafu nipime upya. Nilikula mkate ule kama mtu anayemeza misumari. Kila asubuhi mume wangu alikaa nami mezani mpaka kiishe kipande cha mwisho, kisha akaenda kazini, nami nikabaki karibu na choo. Kama kuna mtu anasoma hapa na anajishuku, nakusihi: usiiache ngano kabla hujapimwa. Pima ukiwa bado unakula, uyaepuke mateso ya zile wiki sita.

Mara hii daktari aliagiza vipimo viwili kwa pamoja. Kimoja cha zile kingamwili, na kingine cha kuona kama mwili wangu unatengeneza kingamwili za jamii ile kwa jumla, kwa sababu kuna watu wasiozitengeneza, na kwao majibu hutoka safi huku ugonjwa upo. Zangu zilikuwa zaidi ya mara kumi ya kiwango cha kawaida. Baadaye nikamezeshwa kamera. Si jambo la kuogopa sana: unapuliziwa dawa ya ganzi kooni, unalala ubavu wa kushoto, mrija mweusi unapita, machozi yanatoka yenyewe. Walichuna vipande vidogo kadhaa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, hata sikuhisi.

Majibu alinichorea. Utumbo wenye afya, alisema, ndani una manyoya kama taulo mpya, vidole vidogo sana vinavyofyonza chakula. Wangu ulikuwa umelala kama taulo ya zamani iliyobaki uzi. Na sehemu ya juu kabisa, iliyoharibika zaidi, ndiyo inayofyonza madini ya chuma. Nikamkumbuka yule mwuguzi wa foleni. Vidonge nilivimeza, vikapita kama mtu anayepita kwenye kituo kilichofungwa.

Siliaki si mzio, na si ngano kuwa mbaya. Kuna protini inayoitwa gluteni ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, ile inayofanya chapati ivutike na kinyunya kiumuke. Mtu aliyezaliwa na chembe za urithi za aina fulani, mwili wake huweza siku moja kuihesabu gluteni kuwa adui, na katika kuipiga unaupiga utumbo wake mwenyewe. Haina kidonge. Dawa ni kuiacha maisha yote, hata kombo la mkate. Chakula kinachoandikwa kwamba hakina gluteni hakipaswi kuzidisha miligramu 20 ndani ya kilo moja, na ukipima ishirini hizo kwa macho huoni kitu.

Nilipomsimulia daktari habari za Samia na korona alicheka kwa furaha, akasema hadithi yangu ina ndugu yake Uholanzi. Kulikuwa na daktari wa watoto, Willem Karel Dicke, aliyekuwa na wagonjwa wa aina yangu wodini, na tangu kabla ya vita alishuku mkate. Katika kipupwe cha 1944 kuingia 1945, Wajerumani wakiwa wameikalia nchi, njaa ilikuwa kali na mkate ukaadimika. Watu wakala hata vitunguu vya maua. Watoto wengine wanadhoofika, wale wa siliaki wakawa na nafuu, na mkate uliporudi wakaugua tena. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake kuthibitisha kwamba chanzo ni ngano. Nimeifikiria sana habari hiyo. Wale watoto walipata nafuu kwa sababu ya vita, na mimi kwa sababu ya korona, na sote wawili hakuna aliyepanga.

Nyumbani, nilidhani kazi ni nyepesi. Sisi watu wa magharibi tuna bahati ambayo hatuihesabu: mahindi, mtama, wimbi, muhogo, mchele wa Ahero, viazi, ndizi, samaki, vyote havina gluteni tangu shambani. Mwaka mzima naweza kula vizuri bila kuingia duka kubwa hata mara moja. Vile vikopo na biskuti za nje za wagonjwa wa siliaki niliziona bei yake nikazirudisha rafuni. Shida yangu ilikuwa njiani, kati ya shamba na sahani.

Ya kwanza ilikuwa posho mill. Nilinunua wimbi Busia, nikalipeta, nikaliosha maji mawili, nikalianika juani siku mbili, nikalipeleka kusagwa. Nikaugua. Nilirudi kukaa pale kwenye benchi asubuhi nzima kutazama. Mbele yangu mama mmoja alisagisha uji wa mtoto: wimbi, soya, njugu, na bakuli la ngano nzima. Mashine haikufagiliwa. Kumbe unga kama ule ndio uliotangulia kuingia kwenye mfuko wangu siku ile. Sasa nina mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono, na mkono wangu wa kulia umekomaa kuliko nilipokuwa nakanda chapati.

Ya pili samaki. Ngege wa kukaangwa pale ufukweni, ziwa mbele yako, nani angemshuku? Nilikula nusu ndipo nikaona kwenye mkunjo wa pezi kijiunga cheupe. Nikamwuliza dada aliyekuwa akikaanga, akanijibu kwa upole kabisa kwamba humpaka unga wa ngano kidogo ili asigande kwenye mafuta. Tangu siku hiyo naomba wa kuchemsha, au naomba kumtazama anapoingia kwenye karai. Chipsi nazo naziacha kama mafuta yale yamepitisha sambusa. Soseji, vidonge vya kuongezea mchuzi ladha, vinywaji vya kimea cha shayiri, bia, mchuzi wa soya, haya yote nilijifunza kwa kusoma maandishi madogo ya nyuma ya paketi. Mwiko wa mbao na kibao cha zamani nilivigawa. Mbao ina mistari, na ngano hukaa humo.

Na kazi? Niliiacha Juni 2021. Ule unga wa hewani huingia mdomoni ukamezwa, leso haitoshi, daktari hakunificha. Msichana niliyekuwa nimemfundisha alichukua wateja, karai na kikaango, na bado hunitumia kitu kidogo mwisho wa mwezi bila mimi kudai. Siku anabeba vile vyombo nilisimama mlangoni kama mtu anayesindikiza jeneza. Sikujua kwamba mtu anaweza kuomboleza kikaango. Sasa nauza uji wa wimbi na muhogo wa kuchemsha kwenye kituo cha bodaboda. Faida ni ndogo kuliko ya chapati. Nalala mpaka saa kumi na moja.

Kanisani pia ilibidi niseme. Mimi ni Mkatoliki, na hostia, ule mkate mwembamba wa komunyo, lazima iwe ya ngano, Kanisa halikubali isiyo na gluteni kabisa. Nilikaa miezi bila kukomunika nikiona haya. Padre aliponiuliza nikamweleza, naye hakushangaa: akasema naweza kupokea Damu peke yake, ile ya divai, kwa kikombe changu cha pembeni, si kile kikubwa ambamo kipande cha hostia hutiwa. Mwanzoni watu waligeuka kutazama. Sasa hawageuki.

Lakini lililo gumu kuliko yote ni wageni na wenyeji. Kwetu mkate na chapati si chakula cha njaa, ni heshima. Mtu akiniona nimefika anamtuma mtoto dukani mbio, mkate unakuja na majarini, chai inamiminwa, nami nakataa. Nimewahi kuonekana najivuna. Nimewahi kuonekana naogopa kulishwa sumu, jambo zito sana kulishukiwa ukweni. Nilijaribu kusema "nimeshiba", wakanisukumia. Nilijaribu kusema "daktari amenikataza", wakaniambia kidogo tu hakitaniua. Siku hizi nasema mapema, kwa simu, kabla sijafunga safari: "Mama, nakuja, na nitafurahi sana ukiniwekea viazi vitamu." Mtu akipewa kitu cha kukupa, heshima yake inabaki.

Ugonjwa huu hutembea kwenye damu ya ukoo. Kwa ndugu wa karibu, wazazi, watoto, ndugu wa tumbo moja, kama mmoja kati ya kumi hukutwa nao, wengine bila dalili. Tukawapima watoto wakiwa bado wanakula mkate. Kijana yuko salama. Msichana, yule aliyekuwa akinishika nguo mlimani, alikutwa nao. Hakuwahi kuharisha hata siku moja. Alikuwa mfupi kuliko wenzake wa darasa na mwenye macho meupe ya kukosa damu, na mimi nikidhani amefuata upande wetu. Mwaka uliofuata alirefuka mpaka sare ikabidi ibadilishwe katikati ya muhula. Damu yangu mimi, kufikia hapo, ilikuwa 12.4.

Krismasi iliyofuata tulienda Alego kwa mama mkwe. Nilikuwa nimejiandaa na kikapu changu, kama kawaida, sufuria, mwiko, unga kwenye chupa. Krismasi bila chapati kwetu si Krismasi, na tangu asubuhi wake wa shemeji zangu walikuwa wanazisukuma chini ya mwembe, mvuke wa mafuta umejaa uani. Mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipeleka kwa maombi, alinishika mkono akaniingiza kwenye jiko lake la zamani, lile dogo la udongo nyuma ya nyumba. Ndani kulikuwa na jiwe la kusagia, limeoshwa, bado lina unyevu. Kulikuwa na chungu cha samaki mbuta mweupe kwa mchuzi wa nyanya na kuon, yaani ugali, ya wimbi imefunikwa kwa sahani, na juu ya sahani kitambaa safi kimefungwa fundo.

"Nyar Samia," akaniambia, yaani binti wa Samia, "hapa hakuna aliyeingia na mikono yake ya ngano. Nilikaa mlangoni mwenyewe." Kisha akamwita mjukuu wake aje ale kabla ya wageni.